Datsun ya Matope, Vitz ya Lami

Msalato iko kaskazini ya Dodoma, mahali ambapo barabara ya Kondoa, Babati na Arusha huuacha mji nyuma na kuingia katika nyanda za Ugogo, nchi ya mibuyu na vichaka vya miiba, ambayo mvua yake huanza Desemba na kukoma Aprili, na ambayo kwa mwaka mzima aghalabu haipati hata milimita 600. Mtu akisimama kando ya barabara hiyo siku ya mnada ataona malori ya ng'ombe, mabasi ya masafa, pikipiki zisizo na hesabu, na baina ya hayo yote gari dogo la Kijapani lenye pua fupi na mlango wa nyuma ufungukao kwenda juu: Vitz, au nduguye IST, au Passo. Barabara hiyo ni kipande cha ile njia kuu ya kale ambayo Waingereza walitamani iunganishe rasi ya kusini ya Afrika na nchi ya Misri, ikipita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha hata Nairobi. Na katika nchi hizi hizi, kabla ya lami, gari la namna nyingine kabisa lilipata sifa iliyovuka bahari. Nakusudia kusimulia habari za magari mawili, Datsun 240Z na Toyota Vitz, kwa kuwa mkabala wao hueleza mambo ya nchi yetu ambayo vitabu vya siasa na uchumi hupita juu yake kwa haraka.

Hadithi huanza mwaka 1953. Siku ya tarehe 27 Mei, katika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wapenzi wa magari wa Afrika Mashariki waliingia katika mashindano marefu ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Safari ya Kutawazwa. Fikra ilikuwa ya Eric Cecil wa Kenya, ambaye alitaka kutumia barabara zenyewe, zile zile zilizotumiwa na wenye malori, maofisa wa serikali na wachuuzi, kuwa ndiyo uwanja. Magari yalikuwa ya kawaida, yaliyoweza kununuliwa madukani, nayo yaligawanywa katika madaraja kwa bei zake, wala mwaka ule hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Lakini gari lililopoteza pointi chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen, gari rahisi la watu wa kawaida, likiendeshwa na Alan Dix pamoja na Johnny Larsen. Jambo hilo halina budi kuwekwa moyoni tangu mwanzo: mashindano yaliyokuja kuwa makali kuliko yote duniani yalizaliwa kwa kusudi la kujua ni gari gani la dukani liwezalo kustahimili barabara zetu.

Na barabara zenyewe zilikuwa na hukumu isiyokatiwa rufaa. Baadaye mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, ambao ndio wakati wa masika, na udongo ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi jepesi kama unga, ukishiba maji hunata, huteleza na kumeza gurudumu hata ekseli. Nyanda za juu za Mbulu, ambazo msafiri wa kutoka Msalato huzikaribia akiisha kupita Kondoa na Babati, zilitajwa na madereva kwa hofu na heshima. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Na mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi tena 7. Dereva hakushindana na dereva mwenziwe kwa macho, kwani kila gari liliachiliwa kwa zamu yake. Alishindana na saa, na mito iliyofurika, na punda na ng'ombe waliovuka njia bila taarifa, na usingizi wa siku tatu nne mfululizo. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika kabla yao, na ushindi huo ulionyesha wazi kwamba matope ya Afrika hayakupima ujana wa gari wala utajiri wa mwenye gari, yalipima uimara wa chuma na akili ya mkono ulioshika usukani.

Wajapani waliifahamu maana ya mizani hiyo mapema. Walileta Datsun Bluebird mwaka 1963 wakashindwa; wakarejea tena na tena, wakijifunza mahali bodi ilipopasuka na mahali springi ilipokatika, wakaenda kuyatengeneza kwao, na mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyefanya maskani yake Kenya, aliwapa ushindi wa kwanza kwa Datsun 1600SSS. Wakati ule bidhaa ya Kijapani ilikuwa bado inadharauliwa katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, na mtu aliyetaka gari la kutumainika alitazama Uingereza, Ujerumani au Ufaransa. Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, ilitaka ithibati ambayo hakuna mtu angeweza kuikanusha, nayo iliona kuwa ithibati hiyo hupatikana Afrika Mashariki.

Ndipo likaja gari lenyewe. Datsun 240Z ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1969, nayo nyumbani kwao iliitwa Fairlady Z. Ilikuwa na viti viwili tu, boneti ndefu iliyochukua karibu nusu ya mwili wake, na mgongo ulioinama kwa upole hata nyuma. Chini ya boneti ile ilikaa injini ya silinda sita zilizopangwa kwa safu moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, iliyonyweshwa na kabureta mbili na kutoa nguvu farasi 151 kwa hesabu ya siku zile. Nguvu hiyo ilipelekwa kwa shafti ndefu hata magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu lilining'inizwa peke yake, jambo ambalo magari mengi ya bei yake hayakuwa nalo. Uzito wake ulizidi tani moja kwa kidogo. Nchini Marekani, ambako Yutaka Katayama alilipigania kwa moyo wake wote, liliuzwa kwa dola 3,526, na watu waliozoea kuamini kuwa gari la michezo ni lazima liwe ghali au liwe linaharibika kila juma wakaona kuwa wamepata kitu kisicho na kifani. Mimi naliona kuwa miongoni mwa magari mazuri kabisa yaliyopata kutengenezwa, na uzuri wake hautokani na mapambo, maana mapambo linayo machache. Hutokana na kwamba kila mstari wa mwili wake unasema injini iko wapi, dereva anakaa wapi, na nguvu inatokea upande gani.

Lakini gari la michezo lenye tumbo karibu na ardhi lingefanya nini katika matope? Hilo ndilo swali waliloulizana watu mwaka 1971, na jibu lilikuja la kushangaza. Herrmann, akiwa na Hans Schüller kama msoma ramani wake, alishinda kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na wa pili akawa Shekhar Mehta, naye pia katika 240Z. Mwaka 1972 mashindano yaliondokea Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, katika Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza asiyekaa Afrika Mashariki kuutwaa ushindi. Mwaka 1973 zamu ikarudi kwa Mehta. Mtu huyu alizaliwa Uganda katika ukoo wa Kihindi ulioishi huko, na katika mwaka 1972 Idi Amin alipotoa amri ya kuwafukuza Waasia, naye alihamia Kenya. Miezi michache baadaye, akiwa na Lofty Drews, alifika mwisho wa safari akiwa na pointi sawasawa na Harry Källström wa Sweden aliyeendesha Datsun nyingine, akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi yake ya kwanza. Baadaye alishinda mara nne nyingine mfululizo, kuanzia 1979 hata 1982. Gari la Herrmann lilichukuliwa Japani, nalo linahifadhiwa na Nissan pamoja na magari yake mengine ya kihistoria.

Mwaka huo wa 1973 una mambo mawili yaliyotukia katika mwezi mmoja, na kwangu ndiyo kiungo cha historia yote hii. Tarehe 1 Oktoba chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, katikati ya nchi, ili serikali iwe karibu na wananchi wa pande zote. Siku tano baadaye vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kabla ya mwaka mwingine kupita bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda karibu mara nne. Uamuzi wa kwanza ulihitaji barabara, saruji, malori na fedha za kigeni. Pigo la pili likazichukua fedha hizo. Katika Ulaya na Japani, watu walioupenda mlio wa silinda sita wakaanza kuhesabu lita, na gari dogo lenye mlango wa nyuma, ambalo Wafaransa, Wajapani na Wajerumani walikuwa wamekwisha kuliandaa katika Renault 5 na Honda Civic za 1972 na Volkswagen Golf ya 1974, likapata soko lililokuwa tayari kulipokea. Asili ya umbo hilo ni ya kale zaidi: baada ya mfereji wa Suez kufungwa mwaka 1956 na petroli kugawiwa kwa vipimo Uingereza, Alec Issigonis aliagizwa kubuni gari dogo, naye katika Mini ya 1959 aliilaza injini kwa upana wa gari na kuyapa magurudumu ya mbele kazi ya kuvuta, hata sehemu kubwa kabisa ya gari ikabaki kwa watu. Kwa hiyo njaa ya mafuta ililizaa gari hili mara ya kwanza, na njaa ya mafuta ikalikuza mara ya pili.

Kwetu, miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Kuanzia katikati ya muongo huo Safari ikabaki Kenya peke yake, na Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe tena hata mwishoni mwa 1983. Vipuri viliadimika, fundi aliyejua kuchonga kifaa kwa mkono kutoka katika chuma chakavu aliheshimiwa kama tabibu, na gari binafsi, kwa mtu wa bara, lilikuwa jambo la kuonea mbali. Mageuzi ya biashara yaliyoanza 1984 na kupanuliwa katika enzi ya Rais Mwinyi ndiyo yaliyofungua mlango, na kupitia mlango huo, polepole kwanza na kisha kwa wingi, yakaingia magari yaliyotumika Japani. Sababu za kwao ni nyepesi kuzifahamu: sheria ya Japani hulazimisha gari likaguliwe baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miwili, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi waliuze gari ambalo bado lina maisha marefu. Nao hukaa upande ule ule wa barabara kama sisi, usukani kulia. Gari hushuka bandari ya Dar es Salaam, na hapo sheria ya ushuru hutia neno lake: injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wake, ile iliyo kati ya hapo na 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi hutozwa asilimia 10. Mwenye mshahara wa ualimu au uuguzi haoni katika tarakimu hizo jambo la kisheria tu. Huona ndani yake aina ya gari atakalopata.

Toyota Vitz ya kwanza ilitoka Januari 1999. Umbo lake lilichorwa na Sotiris Kovos, Mgiriki, na huko Ulaya ilipewa jina la Yaris, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka 2000. Injini yake ndogo ilikuwa na ujazo wa 997, chini ya kile kizingiti cha ushuru kwa sentimita tatu tu, na ilitoa nguvu isiyofika nusu ya ile ya Datsun. Ukiyaweka magari haya mawili ubavu kwa ubavu, la kwanza lina urefu wa zaidi ya mita 4.1 na la pili mita 3.6 na kidogo. Hata hivyo umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma katika Vitz ni milimita 2,370, ilhali katika 240Z ni 2,305. Gari fupi kwa nusu mita limenyoosha miguu yake zaidi kuliko lile refu! Urefu wa Datsun umekwenda katika boneti, kwa ajili ya injini iliyokaa kwa marefu. Vitz imeilaza injini, imepandisha dari hata mita moja na nusu, na nafasi yote iliyopatikana imepewa abiria. Datsun hubeba wawili, hufika karibu kilomita 200 kwa saa, na hunywa petroli zaidi ya mara mbili ya nduguye mdogo. Vitz hubeba watano, nao katika safari za vijijini huzidi hao watano, jambo ambalo silisifu, ila nalitaja kwa kuwa ni kweli. Hutumia kama lita 5 hadi 6 kwa kilomita 100 likiendeshwa kwa upole. Lina breki zisizojifunga na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, vitu ambavyo Herrmann na Mehta hawakuwa navyo walipokuwa wakiruka mitaro usiku.

Aibu ya Vitz ni ardhi. Tumbo lake li karibu na njia, magurudumu yake ni madogo, na mvua ya Januari ikishuka katika njia za mitaa isiyopata lami, ikazichimba makorongo, gari hili huhangaika mahali ambapo Datsun ile ya mashindano, iliyoimarishwa chini kwa mabati mazito, ingepita ikiguruma. Kwa hiyo mafundi wetu hulinyanyua kwa kuongeza vipande juu ya springi, na wanunuzi wengi huchagua IST, ambayo imejengwa juu ya msingi ule ule wa Vitz lakini husimama juu zaidi kidogo. Haya ni masahihisho yanayotoka kwa mafundi wa gereji za chini ya miti, na kwa maoni yangu yanastahili kuandikwa kwa taadhima ile ile ambayo wahandisi wa Nissan waliandikiwa walipotengeneza springi baada ya kushindwa mwaka 1963.

Yaliyoipa Vitz nchi ya bara, hasa Dodoma, ni mambo mawili yaliyokuja karibu pamoja. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa dhati, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watumishi wakaja na familia zao, viwanja vikapimwa hata mbali na katikati ya mji, na mtu aliyejenga upande wa Msalato akahitaji njia ya kufika kazini. Mwaka huo huo wa 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa, ikiwa imejengwa vipande vipande: Mayamaya, Mela, Bonga, hata mwisho wake. Safari iliyowahi kuwa mtihani wa chuma ikawa ya asubuhi moja. Magari madogo ya abiria ambayo watu wa bara huyaita michomoko yakaanza kwenda mahali ambapo zamani mtu alingoja lori. Mwalimu hupeleka watoto shule, mama hupeleka zabibu na mboga sokoni, mgonjwa hufikishwa hospitali usiku bila kungoja alfajiri. Nikiulizwa ni lipi kati ya magari haya mawili limefanya kazi kubwa zaidi katika Ugogo, sitasita hata dakika moja, japo moyo wangu hulipenda lile jingine: ni hili dogo. Nasikitika kwamba habari za 240Z zimeandikwa kwa lugha nyingi, kwa picha na tarehe na majina, ilhali hakuna aliyeandika ni nani aliyeleta Vitz ya kwanza Dodoma, wala aliinunua kwa kiasi gani, wala kazi yake ilikuwa nini.

Mwaka 2020 Toyota iliacha jina la Vitz hata Japani kwenyewe, gari likaitwa Yaris huko pia. Mwaka uliofuata Safari ya Kenya ilirudi katika ubingwa wa dunia baada ya kutokuwamo tangu 2002, na mshindi wake, Sébastien Ogier wa Ufaransa, alikuwa ndani ya Yaris. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä wa Finland alishinda, na nafasi nne za kwanza zote zikachukuliwa na Yaris. Na mwaka 2023 Ogier akarudia ushindi, nafasi nne zikawa tena za Yaris. Hivyo gari la familia, la mlango wa nyuma na pua fupi, lilikalia kiti cha gari la michezo katika mashindano yale yale yaliyolipa gari la michezo jina.

Hata hapo pana tofauti ambayo mtu mwadilifu hana budi kuitaja. Yaris ya 2022 iliyoshinda Naivasha, huko Kenya, ilijengwa juu ya kizimba cha mabomba ya chuma, ikasukumwa kwa magurudumu yote manne, ikasaidiwa na mota ya umeme, na ilichoshiriki na gari la dukani ni jina na sura. Datsun ya Herrmann iliimarishwa, ikaongezewa taa na magurudumu ya akiba, lakini bodi yake na injini yake zilikuwa za namna ile ile aliyoweza kuinunua mtu yeyote mwenye fedha zake, kama Volkswagen ya Dix na Larsen ilivyokuwa mwaka 1953. Katika jambo hilo moja gari la viti viwili lilikuwa karibu zaidi na mnunuzi wake kuliko Yaris ya mashindano ilivyo karibu na mwenye Vitz wa Msalato.